Kiangazi Mzee Haugstad Alipoacha Kufoka

Mwaka ambao uongozi wa kikosi chetu ulimpiga marufuku Verlin Haugstad kufoka, watu wengi hapa Nordby walidhani mzee hatafika Pasaka. Ilikuwa kama kumkataza jogoo kuwika na bado kumtaka akae bandani. Kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyokuwa kalenda ya mji. Ukisikia mtoto wa watu anaambiwa anapiga ngoma kama anayemwaga viazi ngazini, ulijua kiangazi kimeingia, ukatoa jiko la kuchomea soseji nje.

Mimi naitwa Corinne. Nilipiga ngoma kubwa chini yake nikiwa msichana, na nilipopita umri wa kuandamana nikabaki kuwa msaidizi wake. Kwa hiyo niliyaona yote kwa karibu, na mengine niliyapokea masikioni.

Kikosi chetu kinaitwa Korongo wa Nordby. Ni matarumbeta, ngoma na bendera, vijana watupu. Kiangazi kizima wanazunguka nchi kwa mabasi, wanalala sakafuni katika kumbi za michezo za shule za watu, wanafanya mazoezi uwanjani tangu umande haujakauka mpaka jua linaelekea kuzama, kisha jioni wanavaa sare nzito na kuonyesha kazi yao mbele ya majaji. Agosti vikosi vyote vinakutana Indiana, na kumi na viwili bora vinaingia fainali. Kwetu sisi kuingia fainali ni sawa na kuingia peponi, isipokuwa peponi nasikia hawatoi pointi.

Mzee Haugstad alifundisha ngoma ndogo, zile zenye nyaya chini zinazolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ufundishaji wake aliurithi kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Korea na kufundisha vijana nyuma ya ukumbi wa maveterani. Ulikuwa rahisi kueleweka. Piga. Ukikosea, kimbia kuzunguka uwanja. Ukirudi, piga tena. Kila marudio aliyaita "mara ya mwisho," na hakuna aliyewahi kuiona hiyo ya mwisho ikifika. Maji ulikunywa akikumbuka kwamba binadamu hunywa maji. Matusi yake yalikuwa na ufundi, na waliotukanwa waliyatunza kama nishani. Kwenye sherehe za wanachama wa zamani watu wazima, mawakili na madaktari wa meno, walisimama na bia mkononi kila mmoja akataja alichoambiwa. Langu mimi lilikuwa hili: "Corinne, pigo lako linachelewa kama mwanamume anayekuja kuomba msamaha."

Lakini dunia haikumsubiri. Vikosi vingine vilikuwa na walimu wa kucheza, wataalamu wa viungo, na simu zinazomwonyesha kila kijana mahali pa kukanyaga. Spika kubwa ilipelekwa uwanjani kwa kigari, ikitoa mlio wa mapigo, tik, tik, tik, kutwa nzima, mpaka ndege wa jirani wakawa wanaruka kwa mahesabu. Halafu mama mmoja akamrekodi Mzee Haugstad akimwambia mtoto wa mama huyo kwamba hata bibi yake mzee, aliyekwisha kufa, anashika mapigo vizuri kuliko yeye. Kumbe bibi wa yule kijana alikuwa kweli amefariki, wiki mbili tu nyuma. Video ikasambaa. Watu wa bima ya kikosi wakapiga simu, wakihofia kesi.

Mkurugenzi wetu alikuwa Garrick Thielen, kijana wa zamani wa tarumbeta, ndevu zimechongwa vizuri, anayependa kusema "tunasonga mbele" hata akiwa amekwama kwenye theluji. Alimwita mzee ofisini.

"Mzee Verlin, hatukufukuzi," alisema. "Tunakujengea uwezo."

"Uwezo wa nini?"

"Wa kufundisha."

Mzee akanitazama mimi niliyekaa pembeni, kisha akamtazama tena Garrick, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kuhesabu mpaka nne.

"Haya," akasema. "Ni lini?"

Semina ilifanyika Februari katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri, kukiwa na kahawa, keki za kukatwa miraba, na bango kitita. Mwezeshaji alikuwa Daktari Sunniva Prell kutoka California, mwanamke mpole aliyevaa viatu bila soksi huku theluji nje imefika magotini. Walimu wote tulikaa duara. Tulitakiwa kusema majina yetu na hali ya hewa iliyomo ndani yetu. Mwalimu wa tarumbeta alisema mawingu kiasi. Mzee Haugstad alisema yeye ni Verlin na ndani kuna kahawa.

Nilitegemea ainuke aondoke. Hakuondoka. Alisogeza kiti mbele.

"Katika mbinu hii hakuna makosa," Daktari Prell alieleza. "Kuna taarifa. Kijana akipiga vibaya, mwili wake unakupa taarifa."

Mzee akainua mkono. "Na akinipa taarifa ile ile kila siku?"

"Basi hiyo ni taarifa inayotaka kusikilizwa."

"Nikishaisikiliza, mdomo wangu niufanyie nini?"

"Muulize swali, Verlin. Swali la wazi. Kisha subiri jibu. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe."

Aliwaza jambo hilo kwa muda mrefu, kana kwamba amepewa wimbo mpya wenye mapigo asiyoyajua. Wote tulisaini cheti, na sisi wengine tukala keki tukaishia hapo. Yeye alikwenda nyumbani kufanya mazoezi, maana mpiga ngoma hajui njia nyingine ya kujifunza kitu. Jirani yake aliniambia alimsikia gereji, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, mlio wa mapigo ukimwongoza: "Unajisikiaje? Unajisikiaje? Unajisikiaje?" Mbwa wake alihamia upande wa pili wa nyumba.

Mei tukaanza kambi. Safu ya ngoma ndogo ilikuwa na vijana tisa, na kiongozi wao aliitwa Toua Xiong, kijana wa Wausau, mtulivu, mwenye mikono myepesi. Siku ya kwanza kabisa Toua akateleza. Pigo moja tu, la mkono wa kushoto. Safu nzima ikakaza mabega ikisubiri radi.

Radi haikuja. Mzee alisogea polepole mpaka mbele yake.

"Toua."

"Naam, mzee."

"Nimepokea taarifa kutoka mkono wako wa kushoto."

Toua akauangalia mkono kama vile umemsaliti. "Samahani, mzee. Nimekosea."

"Neno hilo hatulitumii siku hizi. Unadhani mkono unataka kutuambia nini?"

"Kwamba... nimechelewa?"

"Mimi sijui, mwanangu. Ndiyo nakuuliza." Akakunja mikono. "Nina muda."

Na kweli alikuwa nao. Jua lilikuwa limepanda, ngoma zinaning'inia mabegani, jasho linaingia machoni, na mzee amesimama pale na uso mpole, macho ya buluu hayapepesi, anasubiri. Toua akasema labda ameshika kijiti kwa nguvu. Mzee akauliza nguvu hiyo inatoka wapi. Toua akasema begani. Mzee akauliza kabla ya begani ilikuwa wapi. Tulipofika mapumziko ya maji, ambayo sasa yalikuwa ni lazima kisheria, Toua alikuwa amefika kwenye mtihani wa hisabati aliofeli utotoni.

Ikawa hivyo kila siku. Ile "nina muda" ikawa neno la kutisha kuliko tusi lolote alilowahi kutoa. Zamani ulifokewa, ukakimbia, upepo ukakupiga usoni, ukarudi mtu huru. Sasa ulitakiwa kusimama hapo hapo ukachungulie ndani ya nafsi yako, nayo ngoma imekukaba.

Haikuchukua muda, wakanijia kwenye lori la jikoni, Toua mbele, sahani za tambi mkononi.

"Dada Corinne, tuna ombi," akasema. "Tunaomba atufokee."

"Nani?"

"Mzee. Kidogo tu. Hata mara moja kwa siku."

"Vijana, hilo limepigwa marufuku."

"Jana aliniuliza nikiyawaza yale mapigo ya haraka naona rangi gani," alisema mwingine. "Nikamwambia kijani, ili yaishe. Akaniuliza kwa nini kijani. Sasa sijui kwa nini kijani, dada. Nimeshinda mchana kutwa nawaza kijani."

"Baba yangu mzazi hajawahi kuniuliza najisikiaje," Toua akaongeza, "na ananipenda vizuri tu."

Nilipeleka ombi kwa Garrick. Garrick akampigia Daktari Prell kwa video. Daktari alifurahi sana. Vijana wamepaza sauti yao, alisema, na sauti haipuuzwi. Akabuni utaratibu ulioitwa Ufokaji Shirikishi. Kijana anayeridhia kufokewa angevaa kitambaa cha njano mkononi, na anaweza kukivua wakati wowote. Kabla ya mazoezi ya mchana safu nzima ilikuwa imefunga vitambaa vya njano, na mmoja alifunga viwili.

Mzee aliviangalia vitambaa, akakataa.

"Nilisaini cheti," alimwambia Garrick. "Nilifoka maisha yangu yote kwa sababu sikufundishwa kazi nyingine. Sasa nimejifunza kazi nyingine, na wewe ndiye uliyenipeleka shule. Ulitaka nijifunze au ulitaka cheti?"

Garrick akaamua kufoka yeye. Alipanda kwenye jukwaa la mwalimu, akavuta pumzi, akawaambia vijana wanapiga kama... kama watu wasio na uelekeo wa pamoja. Sauti ilikatika katikati. Vijana wakampigia makofi ya adabu.

Lakini lazima niseme kilichotokea, hata kama hakipendezi upande wowote. Safu ile ikawa kali. Ikawa kali kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Vijana, kwa hofu ya kuulizwa na mzee, walianza kuulizana wenyewe. Ndani ya basi ungewasikia wakigonga vijiti kwenye migongo ya viti: "Hapo mkono wako ulikuwa unasema nini?" "Ulikuwa unasema nimeacha kusikiliza." "Haya, rudia." Kilichokuwa kinashindikana kwa kukimbia uwanja mzima, kikapatikana kwa kukimbia swali. Majaji wakaanza kutupa pointi. Garrick akaandika makala kuhusu mafanikio ya mbinu shirikishi, na Daktari Prell akaiweka kwenye tovuti yake. Wanachama wa zamani nao walidai sifa zao: walisema kimya cha mzee ni kufoka kule kule, ila kumekunjwa ndani.

Katika safu ile alikuwemo Marisela Quintanar, msichana mfupi kutoka Milwaukee, aliyekuwa anasimama wa tatu kutoka mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna aliyependa kikosi kile kama yeye. Wakati wenzake wanalala kwenye basi, yeye alikuwa anapiga magotini. Akiulizwa na mzee alijibu haraka, majibu safi, kama aliyekariri katekisimu.

Siku hizi vijana hawaruhusiwi kuficha maumivu. Zamani ilikuwa ni funga plasta, meza kidonge, nyamaza. Sasa kila asubuhi simu inawaletea nyuso mbili, mmoja unacheka na mmoja umenuna, kila kijana abonyeze unaomfaa. Ukibonyeza ulionuna, unaitwa kwa mtaalamu wa viungo, unajieleza, unawekewa barafu, unakosa mazoezi, na nafasi yako uwanjani inaanza kupoa. Kwa hiyo kila asubuhi kikosi kizima kilikuwa kinacheka. Kwa mujibu wa simu, hatukuwahi kuwa na mgonjwa.

Mwishoni mwa Julai tulikuwa Iowa, kwenye uwanja wa shule moja iliyozungukwa na mahindi. Joto lilikuwa linatoka juu na chini. Mzee alikuwa anapita mbele ya safu akisikiliza. Akasimama kwa Marisela.

"Marisela, nimepokea taarifa."

"Naam, mzee. Mkono wangu wa kulia unaniomba niupe nafasi zaidi," akajibu, bila hata kusubiri swali. "Nitapumua kutoka tumboni."

Lilikuwa jibu zuri. Mzee akatikisa kichwa, akapiga hatua kwenda kwa anayefuata. Kisha akarudi. Akainama mpaka kofia yake ikagusa ukingo wa ngoma, akaangalia vidole vya msichana.

"Weka kijiti chini," akasema. "Kunja kidole gumba. Kiingie kiganjani."

Marisela akajaribu. Kidole kilifika katikati kikasimama. Uso wake ukapauka.

"Unaumwa?"

Kiangazi kizima hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza lisilotoka semina.

"Hapana, mzee."

Mzee hakusema ana muda. Aliniashiria nizime ile spika ya mapigo, na uwanja mzima ukabaki na sauti ya mahindi tu. Akaamuru safu ipumzike kivulini, akambakisha Marisela. Mimi nilisimama karibu maana nilikuwa nazikusanya ngoma.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Juni." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Mzee, zimebaki wiki mbili tu. Naweza kuvumilia wiki mbili. Nikifika nyumbani nitapumzika."

Mzee akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yake. Mimi niliujua mkono ule toka utotoni na sikuwahi kuutazama. Vidole viwili havikukunjika kabisa, vimesimama kama misumari.

"Umewahi kuniona nimevaa shati?" akamuuliza.

"Hapana. Fulana tu."

"Hata kanisani. Hata kwenye mazishi ya mke wangu. Watu husema Haugstad ana kiburi, hajui adabu za nguo. Siwezi kufunga kifungo. Ardis alikuwa ananifungia, na alipokufa sikutaka kumwomba mtu mwingine. Yule askari aliyenifundisha aliniambia nivumilie mpaka Agosti. Nilivumilia. Kikosi chetu kilishinda mwaka huo. Nilikuwa na umri wako."

Marisela akaufuta uso kwa bega. "Mlishinda lakini."

"Tulishinda," mzee akasema. "Sikumbuki hata wimbo tuliopiga."

Akamfungua mkanda wa ngoma yeye mwenyewe, kwa shida, kwa mkono wa kushoto, na siku hiyo hiyo akampeleka hospitali. Daktari alisema kano zimevimba vibaya, na kwamba wiki mbili alizokuwa anaziomba zingetosha kuziharibu kabisa.

Jioni Garrick aliitisha kikao kwenye ngazi za basi, kompyuta magotini, Daktari Prell kwenye kioo.

"Mzee Verlin, nakuelewa," alianza. "Ila Marisela mwenyewe anataka kupiga. Ameniambia. Sisi tunaheshimu maamuzi ya vijana."

"Ana miaka kumi na tisa. Nikiwa na umri huo mimi niliamua kumwoa mke wa mchinja nyama. Namshukuru mchinja nyama kwa kutoheshimu uamuzi wangu."

"Bila yeye safu ina pengo. Hatuwezi kupata mtu mwingine wiki hizi. Tunaweza kumpunguzia mapigo, akashika vijiti, akaigiza ile migumu."

"Ngoma aibebe? Aruke, akimbie nayo?"

"Kwa muda mfupi. Daktari Prell, nisaidie. Tuna mbinu ya kijana kushirikiana na maumivu yake, sivyo?"

Nilimwona Daktari Prell kwenye kioo anavua miwani.

"Verlin, uliusikiliza mwili wake?" akauliza.

"Niliusikiliza. Mwili umesema hapana."

"Basi yuko sahihi, Garrick," alisema. "Ndicho nilichofundisha. Sikujua kuna mtu angekifanya."

"Mtandao unakatika," Garrick akasema, akaifunga kompyuta.

Lakini hakuthubutu kumrudisha Marisela, maana mimi nilikuwa nimesikia, na wapishi walikuwa wamesikia, na kwenye kikosi jambo likifika kwa wapishi limefika kwa bima.

Tulidhani vijana wanane wangesogeleana tu kuziba nafasi. Walimu wa maumbo, wale wanaopanga kila kijana asimame wapi, walikataa. Umbo lilikuwa limo kwenye simu za kikosi kizima, kila mtu na kituo chake, na kubadilisha mmoja kungewavuruga mpaka wapeperusha bendera. Kwa hiyo pengo liliandamana. Lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likageuka na safu, likasimama mahali pake barabara. Mimi niliyefundisha ngoma miaka yote ile nakwambia lile pengo halikukosea hata siku moja.

Siku ya nusu fainali Indiana, wanachama wa zamani walikuja na viti vyao vya kukunja na kofia za Korongo. Waliliona pengo. Baadhi yao walimfuata mzee kwenye maegesho.

"Verlin, ni kweli umemtoa mtoto kwa sababu ya kidole?" aliuliza mmoja, daktari wa meno, mtu mwenye tusi maarufu kuliko langu. "Mimi niliandamana na mbavu imevunjika. Ukaniambia nipumue upande mwingine."

"Nakumbuka," mzee akasema. "Upande huo bado unakuuma?"

Yule bwana akafungua mdomo, kisha akajishika ubavu, akasema hali ya hewa ya Indiana ina unyevu mno.

Vijana walipiga kama ambavyo hawakuwahi kupiga. Watu walisimama. Lakini majaji wa maumbo wanahesabu kinachoonekana, na kisichoonekana pia wanakihesabu. Matokeo yalipotangazwa Korongo walikuwa wa kumi na tatu, wamepitwa kwa kiasi kidogo hata aibu kukitaja. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima, hatukuingia fainali.

Maegesho yalijaa vilio. Wazazi waliwakumbatia watoto wao, na baadhi yao walikuwa wanamtupia Marisela jicho la pembeni, naye amekaa peke yake kwenye kizingiti cha lori la vyombo, mkono umefungwa bandeji. Mimi nilianza kumwendea, nikaona Toua amefika kabla yangu. Alikaa kando yake, bado na sare, jasho linadondoka.

"Nataka ujue," akamwambia, "nafasi yako ilikuwa imesimama sawa kuliko mimi."

Marisela alicheka huku analia. Wengine wa safu wakaja mmoja mmoja, wakakaa chini mbele yake kwenye lami ya moto. Mzee Haugstad hakuuliza mtu yeyote anajisikiaje. Alikuwa anapakia ngoma kwenye lori, akizipanga, na ikawa kila niliyemwona akimsogelea kumlaumu alipewa ngoma abebe.

Vuli ilipofika walimshukuru. Hawakumfukuza, Garrick alisisitiza. Walimshukuru, kwa keki yenye picha ya ngoma, katika ukumbi ule ule wa semina. Sababu zilikuwa nyingi na zilipingana. Wanachama wa zamani walisema amekuwa laini. Kamati ilisema hakufuata utaratibu kwa kumtoa kijana bila kikao. Mkataba wa Daktari Prell haukuongezwa. Badala yake alikuja mshauri kutoka Texas mwenye shingo nene na utafiti mpya, na mbinu yake aliiita Ukali Wenye Upendo. Vijana walianza tena kukimbia kuzunguka uwanja, ila sasa kunaitwa kuzunguka kwa tafakari. Wanapiga na pushapu, nazo zinaitwa kujiinua kwa hiari. Asiyejiinua kwa hiari, anajiinua mara mbili.

Nilijiuzulu msimu huo. Garrick aliniuliza kama kuna taarifa yoyote ningependa kumpa. Nikamwambia hapana.

Mkono wa Marisela ulipona, polepole, baridi yote. Anasoma Milwaukee na anapiga ngoma kwenye bendi ya parokia yao, Jumapili, kwa watu wanaokuja na watoto wachanga. Ijumaa moja moja anakuja Nordby, tunakwenda watatu kula samaki wa kukaanga, na mzee anabishana naye kuhusu wapiga ngoma wa zamani ambao hakuna kati yao aliyewahi kuwasikia.

Julai iliyopita Korongo walikuwa na onyesho dogo si mbali na hapa, tukaenda. Tulikaa juu kabisa, kwenye mbao za bei rahisi. Safu ya ngoma ilikuwa mpya karibu yote, na ilikuwa nzuri. Mzee aliwaangalia mikono tangu mwanzo mpaka mwisho, haangalii bendera, haangalii matarumbeta, mwili umeinama mbele. Walipomaliza alipiga makofi muda mrefu kuliko watu wote. Kisha, vikosi vikiwa vinajipanga uwanjani kusubiri matokeo, akasimama, akapapasa mfuko akitafuta pochi.

"Unakwenda wapi, mzee?" Marisela akamuuliza. "Wanatangaza pointi sasa hivi."

"Jibini ya kukaanga," akasema. "Watu wote wanasubiri pointi. Foleni ni fupi."

Akateremka ngazi moja moja, akishika reli kwa mkono. Marisela alimwangalia, kisha akanipa kinywaji chake nimshikie, akamfuata.